Wageni waniita Carlo, nyumbani ni Charo. Beji mpya iandikwe nini?

Charo wa Malindi aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu. Nina jambo linanikosesha usingizi wiki mbili sasa. Nyumbani hakuna wa kumuuliza kwa sababu kila mmoja ameshachukua upande.

Mimi ni Mgiriama, kwetu ni Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Kazi yangu ni kutembeza wageni tangu 2006. Asubuhi nawatoa baharini kutazama samaki kwenye matumbawe, mchana nawapeleka magofu ya Gede, jioni Marafa, kule kwenye bonde sisi tunakoita Nyari, jua likianza kuwasha ile miamba myekundu. Wageni wangu karibu wote ni Wataliano. Lugha yao sikuisoma shule. Niliiokota bichi, yaani ufukweni, neno moja moja, kwa kusikiliza wavulana walionitangulia, na leo naweza kueleza msikiti wa Gede kwa Kitaliano vizuri kuliko ninavyoweza kwa Kiingereza.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beji imeandikwa CHARO. Mama mmoja kwenye mashua akaisoma, akasema "Karo!" Mashua nzima ikacheka, kicheko cha wema tu. Nikauliza, nikaambiwa neno hilo kwao ni "mpenzi", na hilo hilo ni "ghali". Kesho yake ikawa vile vile. Siku ya tatu mkubwa wangu akasema tunapoteza muda kila asubuhi kwa jina, akaivua beji, akaandika nyingine kwa kalamu ya wino mzito: CARLO. Nilikuwa na miaka 19, nyumbani wananingoja nilete unga. Nikaitikia.

Nimeitikia mpaka leo.

Kwa wasiotujua, charo kwa Kigiriama ni safari. Ni jina la babu yangu mzaa baba. Babu alikuwa Charo, baba ni Katana, mimi nikawa Charo, na nikijaliwa mtoto wa kiume atakuwa Katana. Jina kwetu huenda likirudi. Mtoto akiitwa, mzee naye anaitwa. Sikuliona uzito wake mpaka Machi 2020 ndege ziliposimama kwa ajili ya korona. Wageni waliondoka ndani ya siku chache, hoteli zikafunga, nikarudi shamba kulima mahindi na mama. Miezi mingi hakuna aliyeniita Carlo. Mwanzo nilimkosa, nasema kweli, maana Carlo ndiye mwenye pesa. Baadaye nikaanza kusikia jina langu likiitwa kutoka upande wa pili wa shamba, nikahisi kama mtu aliyekuwa safari ndefu, amefika.

Basi. Wageni wakarudi, na mimi nikarudi kuwa Carlo.

Sasa lililoniamsha. Binti yangu yuko gredi ya nne. Mwalimu aliwaambia wachore familia, kila mtu na jina lake chini ya picha. Akamchora nyanya yake, mama yake, mimi nimesimama kando ya mashua. Chini ya picha yangu akaandika: Baba, Carlo. Mama yangu hasomi, lakini aliuliza pale pameandikwa nini, na mtoto akamsomea. Mama hakugomba. Alikaa kimya, kisha akaniuliza: siku mimi nikifa na wazee wakamwaga tembo la mnazi kwenye koma, vile vijiti vya kuwakumbuka waliokufa, wakitaja watu wa nyumba hii, Carlo watamtaja kwa ukoo upi?

Wiki hiyo hiyo kazini tukaambiwa kuna beji mpya, zile za plastiki zenye picha, na picha hizo hizo zitawekwa mtandaoni. Kila mtu athibitishe jina kabla ya mwisho wa mwezi. Na hapa ndipo pagumu. Sifa zote ambazo wageni wameniandikia mtandaoni miaka yote hii zinasema "mwulizieni Carlo". Watu hutoka Torino na Verona wananitafuta kwa jina hilo. Nikiandika Charo, nitakuwa mtu mpya asiyejulikana. Nikiandika Carlo, nitamwambia nini mama?

Niambieni, lakini msinihurumie.

---

Mwalimu wa Kisauni alijibu:

Marahaba mwanangu. Nimefundisha miaka 34, na nakujibu kama mwalimu, kwa hiyo nivumilie.

Nakaa karibu na Kengeleni, hapa Mombasa bara. Kengele iliyopapa jina ni ya Freretown, makao waliyofungua wamishenari wa Kiingereza mwaka 1875 kwa watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Ilikuwa ikigongwa hatari inapokuja. Watu wale walitoka Nyasa, kwa Wayao, kwa Wamakua, kila mtu na jina alilopewa na mama yake. Walibatizwa, na wengi wakatoka na majina ya Kiingereza. Nimefundisha vitukuu wao. Watoto wazuri, wenye akili, na ukimuuliza "babu yako kabla ya ubatizo aliitwaje?" hajui. Uzi umekatika pale. Waliofanya hivyo wengi wao walidhani wanafanya wema, na hilo ndilo hunisikitisha zaidi.

Sisemi Wataliano wako ni wamishenari, wala kwamba wewe ni mtumwa. Wewe una mama hai anayekumbuka. Ndiyo maana nakwambia usichelewe.

Na angalia kwenu wenyewe. Mwanamke aliyewasimamisha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 alizaliwa Mnyazi wa Menza. Sote tunamjua kwa Mekatilili, yaani mama wa Katilili, jina la mwanawe. Alibadilika jina naye, lakini jina jipya alilipata kwa mtoto wake, ndani ya nyumba yake. Wewe Carlo umempata kwa nani? Kwa mtu aliyekuwa na haraka.

Andika Charo.

---

Saidi wa Maskati alijibu:

Assalam alaykum. Mwalimu, shikamoo. Nakuheshimu sana, ila hapa naomba kupita njia nyingine kidogo.

Wazee wangu ni wa Unguja. Tulikuja Oman miaka ya sabini, baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika nje. Nilikuwa mdogo, Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kusoma Kurani tu. Darasani Maskati nilicheka na kuchekwa. Jina langu lina herufi ain katikati, inayotoka kooni, na mimi nilikuwa sina koo hilo. Mwalimu ananiita, mimi mwenyewe sijui kujiita! Nyumbani bibi yangu, Mungu amrehemu, aliniita Saidi, na i yake nzuri mwishoni, mpaka siku anakata roho. Shuleni nikawa Said. Watoto wenzangu wakatuita "Wazanzibari", na tulipokwenda Unguja kusalimia tukaitwa "Waarabu".

Ninachotaka kusema ni kwamba sisi Waswahili ndio mafundi wa kupinda majina ya watu. Nani alimfanya Said kuwa Saidi? Sisi. Yohana, Petro, Fatuma, Hamisi, yote yamepita katika midomo yetu yakatoka na irabu. Hatukukusudia kumdharau mtu. Mdomo una njia zake. Na sikio nalo husikia kwa kile lilichokwisha kukizoea. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi, mji wako huo huo, walimfikisha twiga kwa mfalme wa China. Wachina hawakuwa na jina la mnyama yule, wakamwita qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao. Twiga hakupungua shingo.

Kwa hiyo usiwe na uchungu na yule mama wa mashuani aliyesoma "Karo". Yeye alisoma kwa njia za kwao. Mimi leo ofisini ni Said, kwa dada zangu ni Saidi, na nikiitwa lolote kati ya hayo nageuka na moyo mweupe.

---

Charo wa Malindi:

Kaka Saidi, nimekusoma mara tatu. Umenisaidia kuona kitu ambacho sikuwa na maneno yake. Said na Saidi ni jina moja limevaa kanzu mbili. Wangeniita Karo siku zote, hata kwa kukosea, ningekuwa bado mimi. Lakini Carlo si Charo aliyepindwa. Ni jina la mtu mwingine kabisa, wa kwao, na mimi nimeazimwa.

Mwalimu, hilo la vitukuu nimemsomea mke wangu. Hakusema kitu, ila jioni alimwita binti akamfundisha majina mpaka kwa babu wa babu.

---

Kijana wa Watamu alijibu:

Bro, wazee wamesema ya maana lakini wewe uko kazini, na mimi kazi yangu ni kuwafanyia watu kurasa za mtandaoni hapa Watamu. Usifute Carlo ghafla, utapotea. Weka yote mawili kwa msimu mmoja: Charo, na chini yake kwa herufi ndogo "zamani Carlo". Wanaokutafuta watakuona, na wapya watajifunza jina moja tu. Msimu wa pili toa la chini.

Halafu niongeze. Si majina ya watu tu. Lile fungu la mchanga upande wa Mayungu, linaloibuka maji yakitoka, leo linaitwa nini? Sardegna 2. Nahodha wetu wanasema Sardegna 2, wauza madafu wanasema Sardegna 2, nami nimelitangaza hivyo kwa mikono yangu mara nyingi. Juzi nikamuuliza babu mmoja mvuvi pale, akanitajia jina la zamani bila kufikiri. Mimi niliyezaliwa kilomita chache kutoka hapo nilikuwa sijawahi kulisikia. Iliniuma.

---

Dada wa Brescia alijibu:

Charo, hujambo kakangu. Mimi ni wa Kilifi, nalea wazee hapa Brescia mwaka wa tisa huu. Nimeona watu wote wamekujibu kuhusu moyo. Mimi nataka kukujibu kuhusu herufi, maana tatizo lako lilianzia hapo na hakuna aliyekueleza.

Kwa Kitaliano herufi c na h zikiwa pamoja husomwa k. Ndiyo maana CHARO ikawa "Karo". Sauti yetu ya ch wao wanayo kabisa, ila huiandika kwa c na i. Na neno la kwanza unalowaambia kila asubuhi lina sauti hiyo: ciao! Waambie hivi: sema ciao, kisha usiishie kwenye o, malizia na ro. Cia-ro. Mtoto wa miaka mitatu ataliweza. Miaka yote hiyo, kaka, nusu ya jina lako ilikuwa mdomoni mwao wakikuamkia.

Nililia kidogo nilipoona hivyo, nakwambia kweli, kwa sababu nami jina langu la Kigiriama lina dz, na siku ya kwanza walitaka kuniita Anna. Bibi ninayemlea, ana miaka 88, alikataa. Alisema mtu anayeniosha miguu nitamwita kwa jina lake. Alikaa na mimi jikoni tukijaribu mpaka likakaa. Kumbe walichokuwa wakikosa ni dakika tano tu.

Lakini na mimi niseme lililo upande wetu. Nilifika hapa na Kitaliano cha bichi, kama chako. Mlango ukafunguliwa, nikamwambia binti wa yule bibi, mwanamke wa makamo, "ciao". Uso wake ukakunjamana. Sikuelewa. Nilikaa na baridi hiyo wiki mbili ndipo jirani mmoja akaniambia: ciao ni ya rafiki, ya mtoto, ya mtu mliyezoeana. Mtu usiyemjua, tena mkubwa, unamwambia buongiorno, na humwambii "tu", yaani wewe ya kuzoeana, unamwambia "Lei", wewe ya heshima. Nilijiona kama kijana aliyeingia nyumba ya watu Lamu akamwambia mwenye nyumba "mambo vipi". Malindi tulifunzwa ciao kana kwamba ndiyo salamu nzima ya nchi, kwa kuwa wageni wakija likizo huvua adabu pamoja na viatu, nasi tukadhani hawana nyingine. Tukamjua Mtaliano wa likizo tu. Naye amemjua Carlo tu.

---

Mwalimu wa Kisauni:

Binti yangu, umenipa somo. Na ongeza hili katika lako: hiyo ciao yao ilitoka Venezia, na asili yake ni neno la mtumwa, kwamba mtu alikuwa akisema "mimi ni mtumwa wako". Nasi shikamoo yetu wazee hutueleza kuwa ni "nashika miguu yako". Salamu mbili zilizoanza zimeinama. Moja imesimama ikawa ya marafiki, nyingine bado inainama kwa wazee. Nitawatafuta wanafunzi wangu wa zamani niwaambie.

Saidi, marahaba baba. Sikukasirika. Hoja ya irabu nimeikubali.

---

Charo wa Malindi:

Nimerudi baada ya wiki tatu, kwa sababu nimeona si vizuri kuuliza watu na kisha kunyamaza.

Nilikwenda ofisini nikasema beji iandikwe Charo. Yule bwana mkubwa wa zamani hayuko tena. Aliyepo sasa ni dada wa Nairobi, akaandika bila kuuliza lolote, na mimi niliyejiandaa kwa maneno mengi nikabaki nimesimama mlangoni na maneno yangu. Ushauri wa kijana wa Watamu niliufuata mtandaoni, nimeweka yote mawili mpaka Aprili. Kwenye beji liko moja tu.

Mbinu ya Dada wa Brescia naitumia kila asubuhi kabla ya kung'oa nanga. "Semeni ciao." Wanasema. "Sasa malizieni na ro." Wanasema, na wakigundua wanatazamana. Mtoto mmoja alilirudia njia nzima mpaka Mayungu. Na tulipofika pale kwenye fungu la mchanga niliwaambia jina la sasa ni lao na la zamani ni letu, nikawatajia yote mawili. Kijana, nilikwenda kwa yule babu yako mvuvi. Sasa tuko wawili tunaolijua.

Lakini niliyemwogopa hasa ni mmoja. Kuna mzee wa Bologna, alikuwa fundi wa mitambo, sasa amestaafu. Huja kila Januari tangu 2012, ila miaka miwili ile ya ugonjwa. Baba alipolazwa, yeye alituma pesa bila kuombwa. Anamjua mama, amekula kwetu sima na mchicha kwa mkono. Na siku zote hizo, mbele ya mama, aliniita Carlo, na mama akadhani ni neno la Kitaliano la "kijana".

Nilimwambia tukiwa wawili mashuani, injini imezimwa. Nikamweleza yote, beji ya kwanza, kalamu ya wino, daftari la mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Nilitaka kusema "hukuniuliza", lakini nayo ingekuwa nusu ya kweli. Ukweli ni kwamba nilifikiri halimhusu. Nilimhesabu rafiki katika pesa na katika ugonjwa, lakini katika jina nilimwacha nje ya uzio pamoja na wageni wa siku moja. Alitazama maji muda mrefu. Akauliza charo ni nini. Nikamwambia ni viaggio, safari. Akarudia jina langu polepole, kwa sauti ya mtu anayepima mzigo. Jioni alikuja nyumbani, akamsalimu mama, akasema kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno: "Mimi nataka kuona Charo." Mama akacheka mpaka akashika ukuta, akamjibu kwa Kigiriama maneno ambayo siwezi kuyatafsiri vizuri, ila maana yake ni kwamba safari imefika.

Daftari la mtoto tayari lilikuwa limesahihishwa na mwalimu wake, lina alama ya vema nyekundu juu ya Carlo. Binti hakutaka kulifuta kwa kuogopa alama. Ameandika Charo pembeni, kwa penseli, na mshale.

Dada wa Brescia, limebaki dogo moja, nalo ni kwako. Mzee huyu ana miaka 74, na mimi tangu siku ya kwanza namwambia "ciao" na "tu" kama mtoto mwenzangu, kwa kuwa ndivyo nilivyofunzwa bichi. Sasa ninajua. Nibadilishe nianze kumwambia buongiorno na Lei? Ijumaa anapanda ndege, sitaki aondoke nimemkosea heshima.

---

Dada wa Brescia:

Usibadilishe kitu, kaka. Ukimwambia Lei leo, baada ya miaka yote hii, ataona umemfungia mlango. Mwambie ciao. Kwa huyo sasa iko mahali pake.

Ila kwa mkewe, kama hamjawahi kuonana, anza na buongiorno.